Ploti ilikuwa gereji, sasa nataka kulima sukuma. Udongo huu unatibika?

BintiLanet | 11 Januari

Hamjambo wadau. Nimerithi kiploti cha mjomba hapa Nakuru, futi 50 kwa 100. Mbele kuko sawa. Kule nyuma mjomba alikuwa amewakodishia mafundi wa magari, wakakaa miaka kama kumi na tano. Walipohama waliniachia mabati mawili, injini iliyoota kutu na udongo mweusi kama makaa.

Wiki jana nilichimba nione weusi unaishia wapi. Juu ni gamba gumu, ukilipiga jembe linakatika vipande kama lami. Chini ya gamba udongo unang'aa, na ukiushika vidole vinabaki na utelezi ambao hata sabuni ya kipande haiutoi. Kina cha jembe moja hivi ndipo nikakutana na udongo wetu wa kawaida, ule wa kijivu, mwepesi, wenye vijiwe vinavyoelea majini. Eneo lote ni kama mita sita kwa nne na nusu. Desemba nilifukia maharagwe kumi pale kujaribu. Yakaota mawili, yakawa manjano, yakalala.

Kuna kijana wa lori amesema atabeba udongo wote siku moja. Nikamuuliza anaupeleka wapi. Akacheka, "Mama, hilo niachie mimi." Sikukipenda kile kicheko.

Nimesikia kuna vijidudu vinakula mafuta. Ni kweli ama ni hadithi? Nataka sukuma na managu, basi.

Otonglo254 | 11 Januari

Nafuatilia. Nina kisa kama hicho.

MzeeKiondo | 11 Januari

Mwaga sabuni ya unga na maji mengi, mafuta yaondoke. Sisi ndivyo tunavyosafisha sakafu.

FundiSpana | 11 Januari

Mzee, sakafu ni simiti. Kwa udongo sabuni itayalegeza mafuta yashuke chini zaidi, na hapo chini ndiko kisima cha jirani kinakoteka.

Dada, mimi ni fundi Kisumu huu mwaka wa ishirini, sitakuficha. Chini ya gari hatumwagi oili chafu peke yake. Kuna dizeli ya kuoshea vyuma, giligili ya breki, grisi, maji ya rejeta yenye dawa. Hayo yote si shida yako kubwa. Swali langu ni moja: hao mafundi walikuwa wanafungua betri? Walikuwa wanachomelea rejeta kwa madini ya risasi? Tafuta kona iliyo karibu na ukuta au chini ya mti, maana betri hufanyiwa kivulini. Utaona udongo una weupe wa kijivu, nyasi hazioti kabisa, na ukichakura unapata vipande vya plastiki nyeusi na vijisahani vizito kuliko ukubwa wake. Ukikuta hivyo, usiguse kwa mkono mtupu, na watoto wasikanyage.

Udongo_Njoro | 12 Januari

BintiLanet, umefanya vyema kumkataa yule wa lori. Udongo ukimwagwa bondeni usiku haujasafishwa, umebadilisha mwenye shida tu.

Ni kweli, si hadithi. Mafuta ya injini na dizeli ni kaboni na haidrojeni, na kuna bakteria ambao kwao hicho ni chakula. Majina yao ya kisayansi ni kama Pseudomonas na Rhodococcus. Wakila, sehemu inageuka miili yao, sehemu inatoka kama maji na hewa ya kaboni, ile ile unayopumua nje wewe. Na huna haja ya kuwaagiza kokote. Mahali palipomwagiwa oili miaka kumi na tano, waliokuwa wa kufa walishakufa. Waliobaki ni wale waliojifunza kuila.

Utaniuliza, basi mbona hawajaimaliza? Kwa sababu wanakula ugali mtupu. Ugali umejaa sufuria, mboga hakuna, na wamefungiwa chumba kisicho na dirisha. Mboga ni naitrojeni na fosforasi. Dirisha ni hewa. Lile gamba lako gumu ndilo mlango uliofungwa. Tena mafuta hufukuza maji, na bakteria bila unyevu hali, analala.

Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989, zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi zilimwagika baharini. Kwenye sehemu ya fukwe zile walinyunyiza mbolea. Mbolea, si bakteria. Wenyeji walikuwapo tayari, wakapewa mboga, wakaongeza kasi ya kula. Yale ni mambo ya nchi ya barafu. Hapa kwetu udongo una joto la kuwatosha mwaka mzima.

Kwa ardhi njia rahisi kuliko zote ni kuutandaza udongo usiozidi kina cha sentimita 30, kuulisha, kuulowanisha kiasi na kuupindua mara kwa mara. Hakuna mashine. Ni jembe na subira. Dizeli huisha kwa miezi. Oili ya injini ni ya kutafuna polepole zaidi, hesabu miezi sita hadi miaka miwili. Vile vipande vya lami usivihesabu, hivyo vitabaki, utavichagua kwa mkono.

Lakini aliyosema FundiSpana ndiyo yanayonikosesha usingizi. Oili inaliwa. Risasi hailiwi. Ni elementi, haivunjiki ikawa kitu kingine, hata bakteria waje na majembe yao. Kabla ya kununua hata gunia moja la samadi, pima. Kona ya betri, kama ipo, pima peke yake. Usichanganye na udongo wa kwingine, maana utapata wastani mzuri unaokudanganya.

BioSafisha_Duka | 12 Januari

Dada usihangaike na majembe. Tuna bakteria wa kisasa kwenye pakiti, gramu 500 zinatosha eneo lako lote, siku 14 udongo unarudi kama wa kwa nyanya. Njoo inboksi upate bei ya ofa.

Udongo_Njoro | 12 Januari

Siku 14? Kwa oili ya injini? Kaka, tuambie ni bakteria gani, na wakishamaliza naitrojeni iliyo kwenye udongo watakula na nini.

Hiyo biashara ina historia. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India, anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya bakteria aliyewatengeneza kula mafuta ghafi. Kesi ile imeingia kwenye vitabu vya sheria dunia nzima. Lakini fukwe za Alaska miaka tisa baadaye hazikusubiri bakteria wa maabara. Mgeni akiingia kwenye udongo uliojaa wenyeji wenye njaa, mara nyingi yeye ndiye anayeliwa. Kuongeza bakteria kunasaidia pale ambapo wenyeji hawapo au uchafu ni wa aina ya ajabu. Gereji si mahali pa namna hiyo.

Msimamizi | 12 Januari

BioSafisha, matangazo yana jukwaa lake. Onyo la kwanza.

MpungaAhero | 13 Januari

Ngoja niseme langu, maana mimi nilishafeli kwanza.

Nina pampu ya dizeli ya kumwagilia mpunga. Mwaka juzi pipa lilianguka usiku, asubuhi tukakuta nusu imekunywa na shamba. Udongo wetu wa Kano ni ule mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikija unakunyang'anya gambuti. Nikaambiwa, kama hivi, pindua, tia samadi, mwagilia. Nikafanya hivyo mwezi wa Aprili, mvua za masika ziko mlangoni! Baada ya wiki tatu pakawa uji. Ukitia jembe inatoka harufu ya yai bovu. Dizeli iko palepale.

Mtu wa kilimo aliyepita kwetu akaniambia lile yai bovu ndilo jibu: hewa imekwisha, waliobaki kazini ni bakteria wa gizani wasiohitaji hewa, na hao kwa dizeli ni wavivu. Nikangoja pakauke. Nikaenda kwenye vinu vya mpunga, maganda yametupwa milima kwa milima, nikabeba bure. Debe moja la maganda kwa madebe matatu ya udongo, na samadi ya ng'ombe iliyokauka. Nikainua matuta ya kufika magotini ili maji yapite pembeni. Maganda hayaozi haraka, ndiyo uzuri wake, yanabaki yameshikilia matundu wazi. Usitie vumbi la mbao ukidhani ni sawa, lile linaanza kugombania naitrojeni na bakteria wako.

Kiangazi cha pili lumbugu likarudi lenyewe. Sikujua kama nitawahi kufurahi kuona lumbugu.

Otonglo254 | 13 Januari

Sisi wa kando ya ziwa tuna gugu maji bure kabisa. Si tutengeneze mboji yake badala ya samadi?

Udongo_Njoro | 13 Januari

Inafaa, ila angalia ulikolitoa. Gugu maji linanyonya metali kutoka majini, ndiyo maana watu hulitumia hata kusafisha majitaka. Likitoka karibu na mdomo wa mtaro wa mjini, utakuwa unabeba uchafu wa mwingine kuuleta kwako kwa toroli.

BintiLanet | 9 Februari

Nimerudi. FundiSpana, Mungu akubariki, na pia umeniharibia usingizi.

Kona ipo. Chini ya mparachichi, mita mbili kwa tatu. Weupe wa kijivu kama ulivyosema, na nilitoa vijisahani vitatu kwa koleo. Nimevitia kwenye ndoo yenye kifuniko.

Sampuli nilichukua hivi: sehemu ya oili, vishimo kumi kwa kuzungukazunguka, nikachanganya kwenye beseni safi, nikatoa nusu kilo. Kona ya betri nikafanya peke yake. Zilienda maabara moja Nairobi. Bei ilinifanya nikae chini, lakini nikasema bora hii kuliko kuuza sumu sokoni.

Sehemu ya oili: mafuta ni kama asilimia 2 ya uzito wa udongo. Risasi 38 kwa kilo, miligramu. pH, kile kipimo cha tindikali, 6.8. Kona ya betri: risasi 640.

Sasa 640 ni kubwa ama ndogo?

Udongo_Njoro | 9 Februari

Ni kubwa. Marekani kwa miaka mingi walitumia 400 kama kiwango cha kushtuka kwa mahali wanapocheza watoto, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Ile 38 usiiogope. Kitu kidogo cha namna hiyo kipo karibu kila mji, maana tuliacha petroli ya risasi juzi tu. Afrika kusini mwa Sahara iliimaliza mwanzoni mwa 2006, na iliyoanguka kando ya barabara kabla ya hapo haijaenda popote.

Asilimia 2 ya mafuta ni habari njema. Ikipita 5 bakteria huanza kulemewa, ungelazimika kuchanganya na udongo safi kwanza.

MamaWawili | 9 Februari

Naomba niingilie. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku. Kule Owino Uhuru watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaumia. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda, ikashuka, hadi Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2024. Nasema hivi kwa sababu sumu ya risasi haina rangi wala harufu, na mtoto anaipata kwa kulamba vidole. Dada, una watoto hapo? Kama walikuwa wanacheza chini ya huo mparachichi, wapeleke wapimwe damu. Hospitali inajua ukisema sumu ya risasi.

BintiLanet | 10 Februari

Wangu ni wakubwa. Wa jirani ndio walikuwa wanakuja kuokota parachichi. Nimemwambia mama yao leo. Haikuwa rahisi kusema.

KijanaNyatike | 10 Februari

Na mimea je? Nimeona watu wanasema alizeti inanyonya sumu yote. Huku Migori tunaoshea dhahabu kwa zebaki, marundo ya mchanga yamejaa. Tukipanda alizeti si inaisha?

Udongo_Njoro | 10 Februari

Hapa naomba tupige hesabu, maana hii ya alizeti imewapotosha wengi.

Chukua kona ya BintiLanet. Mita 2 kwa 3, kina sentimita 30, ni kama tani 2.3 za udongo. Kwa miligramu 640 kwa kilo, humo mna kilo moja na nusu ya risasi. Ili ishuke hadi 200 lazima itoke kilo moja nzima. Sasa panda mmea wowote mzuri. Mita sita za mraba zikikupa kilo sita za mmea mkavu kwa msimu, umelima kweli. Na tuseme kwa ukarimu mkubwa kila kilo ya mmea imebeba miligramu 100 za risasi, ingawa risasi hushikana na udongo na kawaida haipandi hivyo. Umetoa gramu 0.6. Gawanya. Ni misimu zaidi ya 1,700. Wajukuu wa wajukuu wako watakuwa bado wanavuna alizeti, na kila mavuno ni taka ya sumu ya kutafutiwa pa kutupa.

Sifa ya alizeti ilitoka Chernobyl, kule kinu cha nyuklia kilikolipuka, miaka ya tisini, ilipoelezwa juu ya maji ya bwawa na mizizi ikanyonya sesiamu na strontiamu kutoka majini. Maji, si udongo. Kuna mimea yenye kipaji cha kweli, lakini kila mmoja na metali yake. Mwaka 2001 watafiti Florida waliandika kuhusu kangaga aitwaye Pteris vittata anayefyonza aseniki kwa kiwango cha kushangaza. Huyo kwa risasi hana habari.

KijanaNyatike, zebaki ni mbaya zaidi kwa njia moja. Ikifika kwenye tope lililotuama, kuna bakteria wa gizani wanaoigeuza kuwa aina inayopanda kwenye samaki, kutoka mdogo hadi mkubwa hadi sahani yako. Kwa hiyo hapo vijidudu si rafiki. Cha kwanza ni marundo yale yasikokotwe na mvua kwenda mtoni: kingo, mfereji wa kuyazunguka, na nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva kuyashikilia. Nyasi hazisafishi. Zinazuia yasisafiri. Na ule mpira wa dhahabu na zebaki, tafadhali usichomwe jikoni.

KijanaNyatike | 10 Februari

Jikoni ndiko tunakochomea. Asante.

FundiSpana | 10 Februari

Kwa hiyo kona ya betri afanye nini? Maana umemvunja moyo.

Udongo_Njoro | 11 Februari

Ifungiwe. Vipande vyote vya betri vitoke na viende kwa mtu mwenye leseni ya taka hatari, si kwa muuza vyuma wa mkokoteni. Kisha mbolea ya fosfeti, ukipata ile ya mawe ya Minjingu, Tanzania, ni sawa. Fosforasi hushikana na risasi ikawa jiwe ambalo tumbo la mtoto haliliyeyushi kirahisi. Chokaa kidogo pH isishuke, maana tindikali ya betri huifungulia risasi mlango. Juu yake udongo safi, nyasi nene, au simiti kabisa. Ukiniuliza mimi, simiti. Egesha gari hapo.

Sasa oili. Hesabu kwa tani moja ya udongo wako: mafuta kilo 20, ndani yake kaboni kama kilo 17. Kitabu kinasema kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Kwa hiyo naitrojeni kilo 1.7, fosforasi gramu 170. Gramu 850 za DAP, ile mbolea yenye fosforasi na naitrojeni, zinamaliza fosforasi, na urea kilo tatu na nusu kasoro inajaza naitrojeni iliyobaki. Ila usimwage yote! Chumvi nyingi inawakausha bakteria, na urea inatoa ile harufu ya choo. Anza na robo, subiri wiki tatu, ongeza robo nyingine. Samadi yako nayo ina chake, huenda usifike hata nusu.

UyogaMolo | 11 Februari

Ongeza na uyoga. Ule wa chaza tunaootesha kwenye mabua ya ngano. Una vimeng'enya vya kuvunja miti, na vimeng'enya hivyohivyo vinakata zile sehemu ngumu za oili ambazo bakteria wanazikwepa. Mimi nikishavuna, mabua yaliyobaki natupa. Njoo uchukue.

Otonglo254 | 11 Februari

Na huo uyoga utakaoota hapo unauzwa?

UyogaMolo | 11 Februari

Usithubutu. Unaweza kunyonya metali. Unafukiwa hukohuko.

BintiLanet | 2 Machi

Nimeanza. Naandika kwa undani maana kuna atakayekuja kusoma.

Nililima gamba lote nikavunja mabonge kwa nyuma ya jembe, hiyo tu siku nne. Nikatandika karatasi ya nailoni nzito mahali palipoinuka, pembeni nikapiga tuta dogo ili maji ya mvua yasiingie wala ya ndani yasitoke. Udongo juu yake, kina cha shubiri moja na nusu. Samadi ya mbuzi iliyokauka, mabua ya ngano ya UyogaMolo magunia sita, robo ya mbolea. Maji nanyunyiza kwa ndoo ya matundu. Kipimo changu cha unyevu ni ngumi: nakamata udongo, nakaza. Ukishikana bila kudondosha tone, sawa. Ukidondosha, naacha siku mbili. Mvua ikitishia nafunika turubai, ikipita nafunua. Jumatano na Jumamosi napindua.

Jirani amekuja kuniuliza kama nazika mtu.

BintiLanet | 14 Aprili

Siku ya kwanza ukisimama pale ulikuwa unasikia gereji. Sasa hivi ni kitu katikati, kama gereji ambayo mvua imenyesha. Asubuhi ukitia mkono katikati kuna uvuguvugu. Mabua yameshika utando mweupe. Wiki iliyopita nilisafiri siku tisa, nikamwachia kijana afunike. Alifunika, hakufunua. Nilirudi nikakuta yai bovu la MpungaAhero! Nimepindua kila siku kwa wiki nzima ndiyo likatulia.

MpungaAhero | 14 Aprili

Karibu chamani, dada.

BintiLanet | 19 Julai

Nimerudia maharagwe kumi, kwenye kopo la udongo huu na kopo la udongo safi wa mbele. Huu yameota saba, ule tisa. Majani ni kijani. Nikichukua chupa ya kioo, nikatia udongo vijiko vitatu na maji, nikatikisa na kuacha itulie, juu kunabaki ngozi nyembamba ya rangi za upinde wa mvua. Februari juu palikuwa na mstari mweusi. Nimeona nyungunyungu wawili. Vipande vya lami nimechagua debe moja na nusu.

Maabara: mafuta kutoka asilimia 2 hadi 0.6.

Nianze sukuma?

Udongo_Njoro | 19 Julai

Hongera sana, hiyo ni kazi. Kuhusu sukuma, hapana, bado. Ile 0.6 iliyobaki ndiyo sehemu ngumu, ndiyo yenye vitu visivyotakiwa kwenye majani yanayogusa udongo. Endelea mwaka huu. Mpaka wakati huo panda maua, au miche ya miti. Hata nyasi za ng'ombe nisingekata hapo kwa sasa. Sukuma yako iweke kwenye magunia kule mbele, kwa udongo wa mbele. Gunia moja likitobolewa pembeni linabeba miche mingi kuliko unavyodhani.

FundiSpana | 20 Julai

Mimi nilikuwa nawauzia watu oili chafu wapake nguzo za boma dhidi ya mchwa. Baada ya kusoma uzi huu nimekata mapipa mawili, kila gari linaloingia linamwaga humo, na kuna kampuni ya kukusanya inakuja kila mwezi. Lakini wateja wa nguzo bado wananipigia simu.

BintiLanet | 20 Julai

Magunia nimeshapanga kumi na mawili. Kona ya betri fundi wa simiti anakuja Jumatatu.

MamaWawili | 20 Julai

Una kuku?

BintiLanet | 20 Julai

Ninao wanane. Kwani?

Udongo_Njoro | 20 Julai

Wanachakura wapi?

BintiLanet | 20 Julai

Chini ya mparachichi.

Udongo_Njoro | 20 Julai

Kuku anakula udongo pamoja na punje, na risasi inaingia hadi kwenye yai. Mayai yao usile wala usimpe mtu. Na Jumatatu ni mbali.

BintiLanet | 20 Julai

Nimevaa viatu, naenda kuwafungia sasa hivi.